Mcheza kwao hutunzwa, lakini Hlinka alicheza ugenini

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Methali hii tumeifundisha darasani mwaka nenda mwaka rudi, na wanafunzi wetu huiandikia insha kwa mifano ile ile: kijana aliyetoroka kwao akaenda mjini akahizika, au manju aliyedharauliwa ugenini akapokewa kwa vigelegele kijijini mwake. Leo ninataka kuipima methali hii kwa maisha ya mtu ambaye huenda wengi wa wasomaji wa ukurasa huu hawajapata kumsikia. Jina lake ni Ivan Hlinka. Alikuwa mchezaji, na baadaye kocha, wa mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu. Alizaliwa Chekoslovakia, nchi ambayo yenyewe haimo tena katika ramani ya dunia, na alifariki mwaka wa 2004. Ninamleta hapa si kwa ajili ya magongo peke yake, bali kwa kuwa maisha yake yanauliza swali linalotuhusu sisi walimu na wanafunzi wa Kenya kila asubuhi kengele inapolia: mtu akinyamaza kwa sababu lugha inayotumiwa si yake, je, ni haki kusema kwamba hana alijualo?

Magongo ya nyasini tunayafahamu. Timu yetu ya wanaume ilishika nafasi ya nne katika Kombe la Dunia la mwaka wa 1971 mjini Barcelona, na wazee wangali wakilisimulia jambo hilo kwa fahari. Magongo ya barafuni ni binamu yake, lakini ni binamu mwenye hasira. Wachezaji watano na mlinda lango mmoja wa kila upande huteleza juu ya barafu kwa viatu vyenye vyuma vikali, wakigombania kisahani kigumu cha raba chenye uzito wa gramu 170 hivi. Mchezo hugawanywa katika vipindi vitatu vya dakika 20. Kasi yake ni kubwa mno hivi kwamba mchezaji hakai uwanjani ila kwa muda usiofika hata dakika moja, kisha hutoka akihema na mwenzake akaruka ndani bila mchezo kusimamishwa. Kwa hiyo kocha wa mchezo huu hana nafasi ya kutoa hotuba. Husimama nyuma ya benchi na kutamka neno moja au mawili, na neno hilo halina budi kueleweka papo hapo. Msomaji na alikumbuke jambo hili, maana ndilo litakalokuja kumponza shujaa wetu. Hata Nairobi ilipata uwanja mdogo wa barafu ndani ya hoteli moja katika karne hii, na vijana wa Kenya wakaunda timu waliyoiita Ice Lions. Kwa hivyo habari hizi si za kigeni kabisa kwetu.

Hlinka alizaliwa tarehe 26 Januari 1950 katika mji wa Most, kaskazini mwa eneo la Bohemia. Hiyo ni nchi ya migodi ya makaa ya mawe na viwanda, na hewa yake kwa miaka mingi ilisifika kwa moshi wala si kwa manukato. Alikulia katika mji jirani wa Litvínov, ambako kiwanda kikubwa cha kemikali ndicho kilichokuwa mlishi wa familia nyingi. Hata klabu ya magongo ya mji huo ilibeba jina la kiwanda. Mwana wa mahali kama hapo alikuwa na njia chache za kutokea. Hlinka alitokea kwa njia ya barafu. Alipokuwa na umri wa miaka 16 tu alikwisha kuichezea timu ya wakubwa ya Litvínov. Alikuwa mrefu wa kimo na mpana wa kifua, na hakusifika kwa mbio. Sifa yake ilikuwa ni macho na subira: aliuona mchezo kabla haujatendeka, akakitoa kisahani kwa mwenzake mahali ambapo adui hajafikiria bado. Katika ligi ya nchi yake alifunga mabao 347, na karibu yote aliyafunga akiwa amevaa jezi ya mji huo huo mdogo. Namba yake ilikuwa 21.

Siwezi kueleza mafanikio yake katika timu ya taifa bila kutaja siasa. Agosti 1968, Hlinka akiwa na umri wa miaka 18, vifaru vya Muungano wa Kisovieti na washirika wake viliingia Chekoslovakia ili kuzima mageuzi yaliyokuwa yameanza huko. Taifa dogo halikuwa na jeshi la kupambana na dola kubwa kama hiyo. Likabakiwa na mahali pamoja tu pa kukutana nayo wakiwa sawa kwa idadi, watu sita kwa sita: uwanja wa barafu. Wasovieti walikuwa wametwaa ubingwa wa dunia mara tisa mfululizo, tangu 1963 hadi 1971. Mwaka wa 1972 mashindano yalifanyika Prague kwenyewe, na Chekoslovakia ikaukata mnyororo huo. Hlinka, kijana wa miaka 22, alikuwa miongoni mwa waliofanya hivyo. Furaha iliyotanda mjini ilizidi ile ya michezo ya kawaida, na kila mtu alijua sababu yake ingawa haikuandikwa gazetini.

Alitwaa tena ubingwa wa dunia mwaka wa 1976 na mwaka wa 1977. Katika Olimpiki alipata shaba mjini Sapporo mwaka wa 1972, na fedha mjini Innsbruck mwaka wa 1976. Aliichezea timu ya taifa mechi 256, akafunga mabao 132, na kwa miaka kadhaa alikuwa nahodha wake. Mwaka wa 1978 alitunukiwa Gongo la Dhahabu, tuzo wanayopewa wachezaji bora wa nchi hiyo. Hadi hapa, wasomaji, methali yetu imesimama imara. Alicheza kwao, na akatunzwa.

Lakini kutunzwa huku kulikuwa na ukuta wake. Serikali ya wakati huo haikuwaruhusu wachezaji kwenda kucheza Amerika Kaskazini, kwenye ligi ya kulipwa ijulikanayo kama NHL, ambako mchezo huu una fedha nyingi kuliko mahali pengine popote. Aliyetaka kwenda ilimpasa atoroke. Václav Nedomanský alitoroka mwaka wa 1974. Mwaka wa 1980 ndugu wawili, Peter na Anton Šťastný, walitoroka wakaenda kuchezea Quebec. Aliyetoroka aliiaga nchi yake pasipo kujua kama ataiona tena, na jamaa waliobaki nyuma ndio waliobeba ghadhabu ya wakubwa. Hlinka hakutoroka. Alingoja. Mwaka wa 1981, alipokuwa na umri wa miaka 31 na ubora wake ukianza kuelekea machweo, wakubwa walimruhusu yeye na mlinzi Jiří Bubla waende Vancouver, Kanada. Walikuwa miongoni mwa wa kwanza kutoka nchi hiyo kuvuka kwa ruhusa rasmi hadi ligi ile. Ruhusa haikuwa ya bure, kwani shirika la serikali lililosimamia mikataba ya wanamichezo lilichukua sehemu yake ya fedha.

Je, mzee huyu wa barafuni alikwenda kuchota mshahara na kuota jua? La hasha. Katika msimu wake wa kwanza alipata alama 60, yaani mabao 23 na pasi 37 zilizozaa mabao. Hiyo ikawa rekodi ya mchezaji mgeni katika klabu ya Vancouver Canucks. Pavel Bure aliifikia miaka kumi baadaye bila kuipita, na ilivunjwa katika msimu wa 2018–19. Katika msimu huo huo wa Hlinka, klabu ile ilifika fainali ya Kombe la Stanley kwa mara ya kwanza katika historia yake, ingawa ilishindwa na New York Islanders mechi nne kwa bila. Msimu uliofuata alipata alama 63. Kisha akarejea Ulaya na kuchezea klabu ya Zug huko Uswisi kwa misimu miwili.

Hapa methali yetu inaanza kuyumba, maana huyu alicheza ugenini na akatunzwa huko pia. Jambo la kuzingatia ni hili. Mchezaji huzungumza kwa gongo lake. Hlinka hakuwa na haja ya sarufi ya Kiingereza ili kumpasia mwenzake wa Kanada. Bao ni bao katika kila lugha. Ugeni wake ulifunikwa na ufundi wa mikono yake, na hakuna aliyemuuliza msamiati wake una maneno mangapi.

Aliporudi nyumbani aligeuka kuwa mwalimu. Ninatumia neno hili kwa makusudi, maana kocha ni mwalimu ambaye ubao wake ni uwanja. Aliifundisha klabu yake ya Litvínov, mahali alipoanzia, na kwa muda pia akafundisha Freiburg, Ujerumani. Mji ule mdogo wa moshi ukawa kitalu cha vipaji. Robert Reichel, Martin Ručinský na Jiří Šlégr ni baadhi tu ya vijana waliokulia hapo na baadaye wakatamba katika ligi ya Amerika. Novemba 1989 serikali ya chama kimoja ilianguka, milango ikafunguka, na vijana hao hawakuhitaji tena kutoroka wala kungoja mpaka wafikishe miaka 30.

Kama kocha wa taifa alileta shaba ya Olimpiki ya Albertville mwaka wa 1992 na shaba ya dunia mwaka huo huo. Januari 1993 Chekoslovakia iligawanyika kwa amani kuwa nchi mbili, na miezi michache baadaye Hlinka akaipatia Jamhuri ya Cheki, iliyokuwa bado mtoto mchanga, medali yake ya kwanza ya dunia, tena shaba. Mwaka wa 1994 mambo yalimwendea kombo. Timu ilitoka mikono mitupu katika Olimpiki na katika mashindano ya dunia, naye akaondoka. Walimrudisha mwaka wa 1997, na mwaka uliofuata likaja jambo lililomfanya asisahaulike.

Olimpiki ya Nagano, Japani, ya mwaka wa 1998 ndiyo iliyokuwa ya kwanza ambapo ligi ya NHL ilisimamisha mechi zake ili nyota wake wote wende kuziwakilisha nchi zao. Wengi waliamini kwamba dhahabu ingegombaniwa na Kanada na Marekani. Timu ya Hlinka haikuwa na utajiri kama huo. Takriban nusu ya wachezaji wake walitoka katika ligi za Ulaya, na hao walikaa chumba kimoja na nyota waliolipwa mamilioni ya dola. Kazi ya kwanza ya mwalimu ilikuwa kulifanya kundi hilo liwe darasa moja. Alijenga timu iliyolinda kwanza na kushambulia baadaye, timu ya subira kama yeye mwenyewe alivyokuwa, na nyuma ya wote akamweka Dominik Hašek langoni.

Waliwashinda Wafini na Wakazakhi, wakafungwa na Warusi mabao mawili kwa moja. Katika robo fainali waliwatoa Wamarekani mabao manne kwa moja. Nusu fainali dhidi ya Kanada iliisha sare ya bao moja kwa moja, ikabidi kila timu ipeleke wachezaji watano mmoja mmoja kukabiliana na mlinda lango. Reichel, yule kijana wa Litvínov, akafunga. Wakanada watano walikwenda kwa Hašek, na wote watano wakarudi mikono mitupu. Fainali ya tarehe 22 Februari iliwakutanisha tena na Warusi. Katika kipindi cha tatu mlinzi Petr Svoboda alipiga mkwaju kutoka mbali, na hilo likawa bao la pekee la mechi. Katika mechi sita Hašek alikuwa amefungwa mabao sita tu. Huko Prague makumi ya maelfu ya watu walikuwa wameamka kabla ya mapambazuko ili kutazama mechi hiyo kwenye viwambo vikubwa vilivyowekwa katika uwanja wa mji wa kale. Wakongwe miongoni mwao walikumbuka vifaru vya mwaka wa 1968. Jaromír Jágr, nyota mkuu wa timu hiyo, alivaa namba 68 mgongoni kwa kumbukumbu ya mwaka huo. Mwaka wa 1999 Hlinka aliongeza ubingwa wa dunia.

Sasa tufike Pittsburgh. Mwaka wa 2000 klabu ya Pittsburgh Penguins ilimwajiri, kwanza kama msaidizi wa Herb Brooks, kisha akawa kocha mkuu kuanzia msimu wa 2000–01. Yeye na Mfini Alpo Suhonen, aliyechukua timu ya Chicago msimu huo huo, wanahesabiwa kuwa makocha wakuu wa kwanza katika ligi hiyo waliolelewa na kufunzwa mchezo Ulaya. Klabu ilikuwa na Wacheki kadha, wakiwemo Jágr, Straka na Lang waliokuwa naye Nagano, na bila shaka hilo lilichangia uamuzi wa kumwita. Kwa bahati ya ajabu, msimu wake wa kwanza ulifunguliwa Japani, nchi ya ushindi wake.

Hali aliyoikuta ingemtatiza hata mzaliwa wa pale. Mmiliki wa klabu alikuwa Mario Lemieux, mchezaji mashuhuri aliyekuwa amestaafu. Desemba 2000 Lemieux aliamua kurejea uwanjani. Basi Hlinka akajikuta akimwamuru mtu anayemlipa mshahara aingie uwanjani na atoke. Hata hivyo timu ilishinda mechi 42 na kufika nusu fainali ya Kombe la Stanley, ikatolewa na New Jersey Devils. Kwa kipimo chochote cha haki, huo ni mwaka mwema.

Lakini chini ya takwimu hizo manung'uniko yalikuwa yakichemka. Kiingereza cha Hlinka kilikuwa haba. Wachezaji wasiojua Kicheki walilalamika kwamba hawajui anataka nini kwao, na wengine wakahisi kwamba wenzao Wacheki wanaambiwa mengi kuliko wao. Kumbuka, msomaji, kile nilichosema juu ya benchi na neno moja. Mtu aliyekuwa akiusoma mchezo kama kitabu kilichofunuliwa alipaswa kuyapitisha yote ayajuayo katika tundu dogo la sindano la lugha asiyoimudu. Julai 2001 klabu ilimuuza Jágr kwa Washington. Msimu mpya ulianza kwa kushindwa mechi nne mfululizo, na Oktoba 2001 Hlinka akafutwa kazi. Sababu iliyorudiwa zaidi katika vinywa vya watu ilikuwa mawasiliano.

Nimelitafakari jambo hili kwa muda mrefu, na sitaki kumpendelea kwa kuwa amekufa. Wahenga walisema pia kwamba ukienda kwa wenye chongo, nawe vunja lako jicho. Mgeni ana wajibu wa kujifunza lugha ya wenyeji wake, sembuse mgeni aliyeajiriwa ili afundishe. Hlinka alikuwa amekaa Kanada misimu miwili miaka ya nyuma, na mwaka mzima Pittsburgh. Angeweza kujibidiisha zaidi. Mwalimu anayepelekwa kufundisha mbali na kwao, akakaa miaka mitano bila kujua hata maamkizi ya wazazi wa wanafunzi wake, hana haki ya kushangaa wakimkwepa.

Pamoja na hayo, upande wa pili wa mizani una uzito wake. Waliomwajiri walimjua. Walijua ametoka wapi na anasema lugha gani. Walitaka akili iliyoleta dhahabu ya Nagano, lakini hawakutaka kugharimia daraja la kuivusha akili hiyo mpaka kwa wachezaji. Pindi mambo yalipoharibika, ufinyu wa lugha ukageuzwa jina na kuitwa ufinyu wa uwezo. Hiyo ndiyo dhuluma ninayoitaka ionekane waziwazi, maana si ya Pittsburgh peke yake.

Mimi nimefundisha shule za upili kwa miaka mingi, na nimeiona dhuluma hii mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Mtoto anatoka katika shule ya msingi ya mashambani, anaingia kidato cha kwanza. Katika somo la hesabu anaulizwa swali kwa Kiingereza. Jibu analo, na nimewahi kumwona mmoja akilichora kwa kidole juu ya deski, lakini maneno ya kulieleza hana. Anasimama, anameza mate, wenzake wanacheka, na mwalimu anaandika katika daftari lake kwamba mtoto huyu ni mzito. Muhula unapita, na mtoto mwenyewe anaanza kuamini alichoandikiwa. Kizazi chetu sisi wakongwe kilivishwa vibao shingoni kwa kosa la kutamka neno la lugha ya mama katika ua wa shule. Vibao vimeondolewa katika shule nyingi, lakini fikira iliyovichonga ingalipo. Tungali tunapima akili kwa ufasaha wa Kiingereza, na tungali tunachukulia ukimya kuwa ni ujinga.

Kuna mfano mwingine, na huu uko kwetu hapa. Mwaka wa 1976 Mwairishi Colm O'Connell alifika Iten kufundisha jiografia katika shule ya St Patrick's. Hakuwa amesomea ukocha wa riadha. Alijifunza kwa kuwatazama vijana wakikimbia, akawasikiliza, akakaa. Mikononi mwake walipita mabingwa wengi, hata David Rudisha aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 800 katika Olimpiki ya London mwaka wa 2012 kwa muda wa dakika 1 na sekunde 40.91. Tofauti yake na Hlinka ni kwamba O'Connell alipewa miaka, ilhali Hlinka alipewa msimu mmoja na mechi nne. Mgeni huyu wa Iten alikuwa na bahati nyingine pia: alikuja na lugha ambayo shule zetu zilikuwa zimeipa kiti cha mbele. Ukimya wa mzungu tuliuita busara. Ukimya wa mtoto wetu wenyewe tunauita upumbavu.

Hlinka hakuishia Pittsburgh. Alikwenda Omsk, Siberia, akafundisha klabu ya Avangard katika msimu wa 2002–03. Vijana wa rika lake walilazimishwa kujifunza Kirusi shuleni, na lugha iliyokuja nyuma ya vifaru ikageuka kuwa chombo cha kujipatia riziki. Ndivyo yalivyo maisha. Lugha haina kosa, wenye kosa ni wanaoitumia kama rungu. Mwaka wa 2002 pia aliingizwa katika orodha ya mashujaa wa shirikisho la kimataifa la mchezo huo. Mwaka wa 2004 alikabidhiwa tena timu ya taifa ili aiongoze katika Kombe la Dunia la magongo ya barafuni lililokuwa lianze mwishoni mwa Agosti. Hakulifikia. Tarehe 16 Agosti 2004 gari lake liligongana na lori karibu na mji wa Karlovy Vary, naye akafariki akiwa na umri wa miaka 54. Timu yake iliyojaa majonzi ilifika nusu fainali, ikashindwa na Kanada kwa bao moja katika muda wa nyongeza.

Uwanja wa Litvínov unaitwa kwa jina lake, na jezi namba 21 ya klabu hiyo haivaliwi tena na mtu. Tangu mwaka wa 2007 mashindano ya kimataifa ya vijana wasiozidi umri wa miaka 18 yamebeba jina lake, na mwaka wa 2018 jina hilo liliunganishwa na la Wayne Gretzky, Mkanada anayehesabiwa na wengi kuwa mchezaji mkuu kuliko wote wa mchezo huo. Ninalipenda sana jambo hili la mwisho. Vijana wa nchi nyingi na lugha nyingi hukutana kila mwaka na kucheza chini ya jina la mwalimu ambaye aliambiwa haeleweki.

Basi je, methali yetu ni kweli? Mcheza kwao hutunzwa, hilo sina shaka nalo. Lakini maisha ya Hlinka yananifundisha kuisoma kwa jicho jingine. Kwao kwa mtu si ardhi peke yake. Kwao ni mahali ambapo akili yake inaweza kutoka kinywani bila kujikwaa. Alipokuwa akicheza kwa gongo, Vancouver ilikuwa kwao. Alipokuwa akifundisha kwa maneno, hata miongoni mwa wanafunzi wake wa Nagano, Pittsburgh haikuwa kwao.

Walimu wenzangu, kila darasa lina Hlinka wake aliyekaa nyuma karibu na dirisha. Kabla hatujaandika kwamba ni mzito, tumuulize swali lile lile kwa Kiswahili, na kama tunaijua lugha ya mama yake, tumuulize kwa hiyo. Kisha tumfundishe na Kiingereza, kwa bidii na bila dhihaka, maana atakihitaji huko aendako. Nanyi wanafunzi, msimcheke mwenzenu anapotafuta neno. Na wewe unayelitafuta, usikate tamaa ukanyamaza moja kwa moja, wala usiikimbie lugha ya wenyeji kwa kiburi cha kujua mengi katika yako. Hlinka alikuwa na mengi ya kuwapa watu wa Pittsburgh, na mengi kati ya hayo alikufa nayo. Hasara ile ilikuwa yake, lakini ilikuwa yao zaidi.